KOMPYUTA YAKO SI MVIVU, IMEKOSA UWANJA



Katika mikutano ya tawi hapa Butare (Butare yetu ya Rusizi, siyo ule mji ambao tangu mwaka 2006 unaitwa Huye) kuna swali ambalo halimo katika ajenda, lakini huulizwa kila mara watu wanapoanza kupanga viti. Mwanachama anakuvuta kando na kusema: "Ndugu, nyumbani nina kompyuta ya mezani. Zamani ilikuwa nzuri. Siku hizi ukiiwasha waweza kwenda kuchota maji ukarudi, bado haijawa tayari. Nimeambiwa imezeeka, ninunue nyingine. Je, nichukue mkopo Umurenge SACCO?"

Jibu letu ni kwamba asichukue mkopo kabla ya kufungua sanduku na kutazama ndani. Mara nyingi mashine hiyo haikuzeeka. Imepungukiwa na kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita RAM, na kumbukumbu ni kitu kinachoweza kuongezwa na mtu yeyote mwenye bisibisi moja na subira.

Huenda mtu akauliza chama cha wafanyakazi kinahusika vipi na mambo ya kompyuta. Kinahusika kwa njia mbili. Kwanza, mkopo wa kununua mashine hulipwa kutoka katika mshahara, na mshahara ndiyo kazi yetu. Pili, mambo ya mfanyakazi yamehamia ndani ya mashine hizi. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni nchini Rwanda umepanda kutoka asilimia 6 hadi asilimia 12 ya mshahara, nusu ikilipwa na mfanyakazi na nusu na mwajiri. Anayetaka kujua kama michango yake imefika RSSB hutazama kwa intaneti. Anayeomba cheti hupitia Irembo. Mfanyakazi ambaye hana mahali pa kutazama mambo yake mwenyewe hubaki kuamini anayoambiwa na karani wa mwajiri.

Jambo la maneno kabla hatujaendelea. Wako wanaosema tarakilishi, na wazee wanakumbuka hata neno ngamizi. Sisi tutasema kompyuta, kwa kuwa ndilo linalosemwa sokoni.

GHALA NA UWANJA WA KUANIKIA

Kila anayeijua Bugarama ameona jinsi mpunga unavyoshughulikiwa baada ya mavuno. Liko ghala la kuwekea magunia. Uko uwanja wa saruji wa kuanikia. Na wako wafanyakazi wenye reki, wanaogeuza mpunga juu ya uwanja. Mpunga uliomo ghalani uko salama lakini haufanyiwi kazi. Ili ufanyiwe kazi ni lazima utolewe, umwagwe uwanjani, ugeuzwe, kisha urudishwe.

Kompyuta iko hivyo hivyo. Ghala ni diski, ambamo picha, barua na programu hukaa hata umeme ukizimwa. Uwanja ni kumbukumbu. Mfanyakazi mwenye reki ni prosesa. Unapofungua barua, barua hiyo hutolewa diskini na kumwagwa kwenye kumbukumbu, na hapo ndipo prosesa huigeuza. Ukifungua na intaneti, nayo hutafuta nafasi uwanjani. Ukiwasha na muziki, hali kadhalika.

Sasa fikiri uwanja ni mdogo na magunia ni mengi. Itakuwaje? Wafanyakazi watalazimika kuzoa mpunga ambao haujakauka, waurudishe ghalani, watoe mwingine, waugeuze kidogo, wauzoe tena. Kutwa nzima watakuwa mlangoni mwa ghala. Atatokea msimamizi atakayewaita wavivu, na hakika kwa macho atawaona wakikimbia tu bila mpunga kukauka. Lakini kosa si la mwenye reki. Aliyejenga uwanja mdogo ndiye wa kuulizwa. Taa ya diski inayowakawaka bila kupumzika kwenye kompyuta yako, huku wewe unangoja, ndiyo hiyo mbio ya mlangoni.

Hapa pana mchanganyiko unaowagharimu watu fedha. Wauzaji wengine husema "mashine hii ina memori ya 500". Wanataja ghala. Mashine yaweza kuwa na diski ya GB 500 na kumbukumbu ya GB 2 tu. Ni ghala kubwa lenye uwanja wa mkeka mmoja. Ukiambiwa namba, uliza ni ya diski au ni ya RAM.

KWA NINI UMEME UKIKATIKA BARUA HUPOTEA

Kumbukumbu hii imetengenezwa kwa vyumba vidogo sana, na kila chumba kina swichi moja na kifaa kimoja cha kushika chembe ya umeme. Chumba chenye umeme huhesabiwa 1, chumba kitupu huhesabiwa 0. Mpango huo ulibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1968. Amefariki mwaka 2024. Mwaka 1970 Intel ilianza kuuza chipu iliyokuwa na vyumba 1,024. Leo kipande kimoja cha GB 8 kinachoingia kiganjani kina vyumba zaidi ya bilioni 68.

Vyumba hivyo huvuja. Umeme wake hauwezi kukaa, kama maji kwenye kikapu. Kwa sababu hiyo mashine huvipitia vyote na kuvijaza upya, kwa kawaida katika kila milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kila sekunde. Umeme ukikatika hakuna wa kujaza tena, na yote yaliyokuwa uwanjani hupotea. Ndiyo maana barua ambayo hukuihifadhi haionekani tena umeme unaporudi. Kuongeza kumbukumbu hakutaondoa tatizo hilo. Dawa yake ni kuzoea kuhifadhi kazi kila baada ya aya mbili tatu.

KWANZA JUA KAMA UGONJWA NI HUO

Fundi mwema hapimi malaria kwa kumtazama mtu mavazi. Washa mashine, fungua kazi zako zote za kawaida, uzifungue kama unavyofanya siku ya kazi nyingi. Kisha bonyeza kwa pamoja vitufe vitatu: Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la kukagua shughuli za mashine. Ingia penye neno Performance, halafu Memory, au Mémoire ikiwa mashine yako inasema Kifaransa. Hapo utaona kumbukumbu yote ni kiasi gani na imetumika asilimia ngapi.

Ikiwa imetumika asilimia 85 au 90 na mashine inajikokota, uwanja umejaa, ongeza kumbukumbu. Ikiwa imetumika asilimia 50 tu na bado mashine ni nzito, usinunue kumbukumbu, fedha yako itapotea. Tazama mstari wa diski: ikiwa diski iko asilimia 100 muda wote wakati uwanja uko wazi, mlango wa ghala ndio mwembamba, na huenda diski ile ya zamani inayozunguka ndiyo ya kubadilishwa, uweke ile mpya isiyozunguka inayoitwa SSD. Nasema wazi kwamba katika mashine nyingi za miaka ya 2010 hadi 2015 nilizoziona katika nyumba za wanachama, vitu vyote viwili vinahitajika, ila mwenye fedha ya kimoja aanze na kile ambacho kipimo kimekionyesha, siyo kile ambacho muuzaji anacho dukani.

Katika dirisha hilo hilo, upande wa chini, utaona nafasi za kuchomekea zimetumika ngapi kati ya ngapi. Andika. Andika pia namba ya mwendo, mathalani 1333 au 1600 au 2400.

MSIMAMIZI ANAYEHESABU MPAKA NNE

Lipo jambo moja linaloweza kuharibu mpango wote, na wengi hawaliulizi. Mfumo wa Windows huja kwa namna mbili, ya biti 32 na ya biti 64. Ule wa biti 32 ni kama msimamizi aliyefundishwa kuhesabu mpaka 4 tu. Mpe uwanja wa GB 8, ataona 4, na hata hizo hatazitumia zote, kwa kuwa sehemu ya hesabu yake huchukuliwa na vifaa vingine. Mara nyingi hubaki GB 3 na kitu. Sababu yake ni hesabu tupu: tarakimu 32 za 0 na 1 haziwezi kutaja anwani zaidi ya 4,294,967,296.

Kwa hiyo kabla ya kununua, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na kile cha Pause, au fungua maelezo ya mfumo katika mipangilio, usome kama ni biti 32 au 64. Kama ni 32 na prosesa inakubali 64, itabidi mfumo uwekwe upya, na kabla ya hapo nakili kazi zako zote pembeni. Asiyefanya hivyo hununua kumbukumbu, huichomeka, hufurahi, halafu jioni hugundua kwamba hakuna kilichobadilika.

KUSOMA KARATASI ILIYOBANDIKWA

Kumbukumbu za zama mbalimbali haziingiliani. Mashine iliyotengenezwa kwa DDR3 haikubali DDR2 wala DDR4. Kila kipande kina pengo dogo kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu, na pengo hilo liko mahali tofauti kwa kila aina. Likikataa kuingia usilazimishe, usisage, usikate. DDR2 ya kompyuta ya mezani ina meno 240 na hutumia volti 1.8. DDR3 nayo ina meno 240 lakini volti ni 1.5, au 1.35 kwa ile yenye herufi L. DDR4, iliyoanza kuuzwa mwaka 2014, ina meno 288 na volti 1.2. DDR5 pia ina 288, kwa volti 1.1, lakini pengo limehama. Vipande vya kompyuta za mapajani ni vifupi zaidi na haviingii katika sanduku la mezani hata kidogo.

Mashine nyingi zilizotumika zinazofika Kamembe, kama HP Compaq 6200 au Dell OptiPlex 790 za mwaka 2011, hutumia DDR3. OptiPlex 3050 ya mwaka 2017 hutumia DDR4. Lakini usiende kwa kukisia. Toa kipande kilichomo, kisome, ukibebe dukani.

Karatasi iliyobandikwa juu yake huandikwa namna hii: 4GB 2Rx8 PC3-10600U. Twende neno kwa neno. 4GB ni ukubwa. PC3 maana yake DDR3; PC4 ni DDR4. 10600 ni mwendo, sawa na 1333. 12800 ni sawa na 1600. Ukichanganya vyenye mwendo tofauti, vyote vitafuata kile cha polepole, kama watu wanaobeba nguzo moja. Hilo si baya.

Herufi ya mwisho ndiyo yenye hatari. U ni kumbukumbu ya kawaida ya mezani. S ni ya mapajani. R ni ya sava, yaani mashine kubwa za ofisi na benki, na haifanyi kazi katika kompyuta ya nyumbani ingawa meno yanaingia sawasawa. Kumbukumbu zenye R hutolewa kwa wingi katika sava zilizoachwa huko Ulaya na Ghuba, huwa na bei ndogo, nazo ndizo zinazomnasa mnunuzi maskini. Kwenye DDR4 herufi hiyo hukaa baada ya kistari, mathalani PC4-2400T-U. Vile vile tazama baada ya alama ya R ndogo katikati: 1Rx8 na 2Rx8 ni sawa kwa nyumbani, ukiona x4, acha. Na vipande vinavyouzwa kwa maneno "ni vya AMD tu" usivinunue kama mashine yako ni Intel.

Mwanachama wetu mmoja hapa Butare, mama anayefanya kazi katika ushirika wa mpunga, alipita katika shimo hilo. Binti yake huchapa barua za watu nyumbani na kuwasaidia majirani kujaza maombi, na fedha hiyo ndogo hununua daftari za wadogo zake. Mashine yao ni HP Compaq 6200 yenye nafasi nne, na kati ya hizo moja tu ilikuwa na kipande, cha GB 2. Fundi mmoja alikwisha kumwambia mashine imekufa, anunue nyingine, naye alikwisha kuanza kuuliza habari za mkopo. Tulipopima tukaona uwanja umejaa asilimia 94 kwa barua moja na kurasa tatu za intaneti.

Akaenda mjini kununua vipande viwili vya GB 4. Duka moja likampa vyenye herufi R, kwa maneno kwamba "vyote ni DDR3". Mashine ikalia tu bila kuonyesha kitu. Aliporudi peke yake aliambiwa kilichouzwa hakirudishwi. Tukaenda watu watatu, bila kelele, na risiti aliyokuwa amesisitiza kuandikiwa, ikiwa na maneno "kwa kompyuta ya mezani". Vilibadilishwa kwa dakika kumi. Risiti ile isingeandikwa maneno hayo, sijui tungesema nini. Kwa hiyo yafaa kila mnunuzi adai mambo matatu kabla ya kutoa fedha: risiti yenye aina na matumizi, siku chache za kujaribu, na kujaribiwa hapo hapo dukani ikiwa kuna mashine.

Kama waweza kuchagua, nunua vipande viwili vinavyofanana kuliko kimoja kikubwa. Viwili vya GB 4 vikikaa katika nafasi za rangi moja, mashine huvisoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kiasi gani kinatosha? Kwa kuchapa, intaneti na mkutano wa video, GB 8 zinatosha. Anayesema huwezi kuishi bila GB 16 aeleze kazi unayofanya inayozihitaji.

KUFUNGUA SANDUKU

Wengi huliita sanduku lile CPU. Si kitu, ilimradi tunaelewana. Zima mashine kwa utaratibu wake, kisha chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwani bodi hubaki na umeme kidogo. Baada ya kuchomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliosalia uishe.

Umeme mwingine wa kuogopwa ni ule wa mwilini mwako. Wakati wa kiangazi, ukivua sweta la nailoni husikia cheche. Cheche hiyo isiyokuumiza yaweza kuua chipu. Usifanye kazi hii juu ya zulia wala blanketi. Fanyia juu ya meza ya mbao, na kabla ya kugusa kipande, shika chuma tupu cha sanduku. Rudia kila mara unapotoka na kurudi.

Fungua ubavu. Utakuta vumbi, na kwa barabara zetu litakuwa jingi. Litoe kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Usitumie kitambaa chenye maji.

Nafasi za kumbukumbu ni mifereji mirefu karibu na feni ya prosesa, yenye vishikizo vidogo vya plastiki kwenye ncha. Sukuma vishikizo nje, kipande kitainuka chenyewe. Kishike kwenye kingo, usiguse meno. Meno yakiwa yamefifia, yasugue taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, ufute mabaki yote. Mashine kadhaa zilizodhaniwa zimekufa zimefufuka kwa kifutio hicho tu, bila kununua chochote.

Kipande kipya kilinganishe na pengo, kikae wima, kisha kibonyeze kwa vidole gumba viwili, ncha zote kwa pamoja. Kinahitaji nguvu kuliko watu wanavyofikiri. Kitalia "tak" na vishikizo vitarudi vyenyewe. Kama kishikizo kimoja hakijarudi, hakijaingia. Ukiwasha hivyo waweza kukiunguza.

Washa kabla ya kufunga ubavu. Ikionyesha picha, rudi kwenye dirisha la Ctrl, Shift na Esc uhakikishe kiasi kimeongezeka. Ikilia milio bila picha, usishtuke: ndiyo lugha yake ya kusema haioni kumbukumbu. Zima, chomoa, jaribu kipande kimoja kimoja, katika nafasi moja moja, mpaka umjue mwenye ubovu. Baadhi ya mashine huonyesha onyo mara ya kwanza kwamba kiasi kimebadilika, zikingoja ubonyeze kitufe ziendelee.

Kisha ipime. Windows ina kipimo chake cha kumbukumbu. Andika mdsched katika sehemu ya kutafutia. Iko pia programu ya bure iitwayo Memtest86+. Kipande kibovu hakisemi siku ya kwanza. Huharibu barua moja leo, faili moja kesho, nawe unadhani ni virusi.

YASIYOTIBIWA NA KUMBUKUMBU

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha masahihisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai GB 4 za kumbukumbu kwa uchache, na hilo ni rahisi, lakini inadai pia prosesa ya miaka ya karibuni na chipu ya usalama ambavyo mashine nyingi za kabla ya mwaka 2017 hazina. Kumbukumbu haitaondoa kizuizi hicho. Kwa mashine hizo liko shauri la kuweka mfumo wa Linux, ambao hutolewa bure na hufanya kazi vizuri kwa GB 4 au 8. Binti wa mama yule ameanza kuzoea Linux Mint. Analalamika kuhusu printa, lakini barua zinachapwa.

BEI NA MIKONO ILIYOTENGENEZA

Wanachama waliokwenda kununua DDR4 au DDR5 mpya mwishoni mwa mwaka 2025 walirudi wakisema bei imeruka. Si uchoyo wa mwenye duka la Kamembe peke yake. Sehemu kubwa sana ya kumbukumbu za dunia hutengenezwa na kampuni tatu, Samsung na SK hynix za Korea ya Kusini na Micron ya Marekani. Zote zimeelekeza viwanda vyao kwenye kumbukumbu za mashine kubwa za akili bandia, ambako faida ni nono. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia watu wa kawaida kumbukumbu zake za Crucial. Kampuni zikiwa tatu, moja ikitoka sokoni mtu wa Butare husikia. Ndiyo sababu nyingine ya kutodharau DDR3 iliyotumika, ikiwa imepimwa.

Na kipande hicho kidogo kimepita katika mikono mingi. Risasi inayounganisha chipu na bodi siku hizi ni bati kwa sehemu kubwa, na bati hutoka katika kasiteriti inayochimbwa Rutongo kwetu na Bisie huko Walikale, pamoja na nchi nyingine. Volframu ya Nyakabingo ni madini ya aina inayotumika ndani ya chipu zenyewe. Mchimbaji huuza kwa kilo. Kinarudi kwa gramu, na bei yake imekwisha kuzidishwa mara nyingi njiani. Huko Korea, Novemba 2018, Samsung iliomba radhi hadharani na kukubali kulipa fidia kwa wafanyakazi walioumwa saratani na magonjwa mengine baada ya kufanya kazi katika viwanda vyake vya chipu na vioo vya skrini. Madai hayo yalipiganiwa na familia zao kwa zaidi ya miaka kumi. Mwezi wa Juni na wa Julai 2024 wafanyakazi wa Samsung Electronics waligoma kwa mara ya kwanza tangu kampuni hiyo ianzishwe mwaka 1969.

Kipande cha zamani ulichokitoa usikitupe shambani wala kukichoma. Kama ni kizima, kifunge katika karatasi, andika aina yake, ukilete ofisini. Yupo mwanachama mwenye mashine inayokingoja. Kama ni kibovu kilete pia, tutavikusanya vipelekwe Bugesera kwenye kiwanda cha kuchambua taka za elektroniki.

Bisibisi ya tawi, brashi na kifutio viko kwa mweka hazina. Anayeviazima aandike jina lake katika daftari, na avirudishe kabla ya mkutano wa Jumamosi.